Tangi Lisilovuja

Almasi alikuwa fundi bora wa matangi ya samaki mjini kote. Kama hungeniamini mimi, ungemuuliza mwenyewe. Angekujibu kabla hujamaliza swali. Jina alilopewa na wazazi wake hakuna aliyelikumbuka. Watu walimwita Almasi kwa sababu ya kile kijikalamu cha kukatia vioo, chenye ncha ya almasi, alichokichomeka nyuma ya sikio saa zote, hata msibani. Shule aliiacha mapema, sawa, lakini we mpe kioo na futi uone kama kuna mwalimu wa kumkosoa.

Jioni moja, jua linazama, alikuwa anavaa viatu aende kwa mteja mpya. Kwapani kushoto alibana kipande cha kioo. Kwapani kulia kipande cha akriliki, ile plastiki ngumu inayong'aa ambayo wajanja wa siku hizi wanaitengenezea matangi. Mteja alikuwa amepiga simu mchana. Mzee, sauti ya taratibu. Anataka tangi jipya la sebuleni, na hajui achague kioo au plastiki.

"Eti hajui!" Almasi alicheka. "Mtu mzima na akili zake, hajui tofauti ya dhahabu na bati."

Mkewe alikuwa kwenye cherehani. Mtaa ulimwita Mkasi, kwa kazi yake na kwa mdomo wake. Hakuinua hata macho.

"Nenda kamfundishe basi, profesa. Ila ukimaliza kujisifu urudi mapema. Chakula changu hakisubiri mtu."

"Kitanisubiri tu. Kinanijua mimi nani."

"Toka hapa!"

Akatoka akicheka. Huyo ndiye Almasi, kijana wa miaka ishirini na sita, kifua mbele, mluzi mdomoni. Mkumbuke hivyo hivyo.

Nyumba ilikuwa ya mwisho barabarani. Ua umefagiliwa mpaka mchanga unaonyesha michirizi ya ufagio. Alibonyeza kengele. Mlango ulifunguliwa na mama mmoja wa makamo, mwembamba, ana kitambaa cha kufutia mkononi. Alimtazama Almasi usoni. Kisha akamtazama mikono.

Mikono aliitazama muda mrefu zaidi.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiye mimi, mama. Mwenyewe kabisa."

"Una miaka mingapi?"

"Ishirini na sita. Vipi, una binti?"

Mama hakucheka. Alisogea pembeni ampishe.

Kitu cha kwanza kilichompokea ni harufu. Haikuwa mbaya sana... ilikuwa kama maji ya chombo cha maua ambayo watu wamesahau kuyabadilisha. Maji yaliyolala. Sebule ilikuwa safi, viti vina vitambaa, saa ya ukutani inatembea. Na ukutani, mahali ambapo wewe ungeweka televisheni, lilikaa tangi la kioo refu kama kitanda.

Lilikuwa linavuja. Chini ya kona moja yamepangwa mabeseni matatu.

Tone... tone... tone...

Maji yaliyobaki ndani yalikuwa kina cha shubiri moja. Pampu ya hewa ilinguruma, mapovu yakapanda. Almasi aliinama, akachungulia. Hakukuwa na jiwe wala jani. Hakukuwa na samaki.

"Karibu, kijana. Kaa." Mzee alikuwa kwenye kiti cha kona, ana miwani minene na sweta, mikono inatetemeka magotini.

"Shikamoo, mzee. Samaki wako wapi?"

"Marahaba. Tuongee kwanza habari ya tangi."

"Lilianza kuvuja lini?"

"Leo siku ya tisa."

Mama alikuwa amepiga magoti kwenye mabeseni, anakamua kitambaa. Mkono ukasimama. Halafu ukaendelea.

Basi Almasi akafungua duka la maneno. Aliweka vipande vyake viwili mezani, akakunja mikono ya shati. Aligonga kioo kwa ukucha. *Ting.* Akagonga akriliki. *Do.*

"Mmesikia? Hiki kinaitika ukikiita. Hiki kinaguna tu kama mtu aliyenuna. Sasa mzee, mimi si mchoyo, plastiki nitaipa haki yake. Ni nyepesi. Inapitisha mwanga vizuri, haina ule ukijani wa kioo ubavuni. Ukiigonga na kiti haipasuki. Lakini uifute na kitambaa chenye chembe moja tu ya mchanga, moja! Inachubuka michirizi kama uso wa mtu aliyepigana na paka. Na maji yakikaa mengi inabinuka tumbo. Kioo hakibinuki. Kioo kina heshima."

"Plastiki inatosha," alisema mama.

Alisema taratibu, bila kugeuka.

"Mama, usimalize mapema. Ngoja nikufundishe..."

"Viungo vyake unaunganishaje? Hiyo plastiki."

"Ah, hapo ndipo inaponichosha. Kuna gundi nyepesi kama maji. Unaivuta kwenye bomba la sindano la hospitali, unaidondosha kwenye mshono, kingo zinayeyuka zinashikana. Basi! Huigusi. Mkono wa fundi haupiti popote. Sasa hiyo nayo kazi?"

"Na kioo?"

Aliyeuliza sasa ni mzee. Alikuwa amejisogeza mbele kwenye kiti.

"Kioo kinaungwa kwa silikoni, mzee, gundi nzito. Unaimimina kwenye kona, halafu unailainisha."

"Unailainisha kwa kitu gani?"

Almasi aliinua kidole gumba cha mkono wa kulia. Akakizungusha hewani kama anauza pete.

"Wenzangu wanatumia kijiti. Hao bado wanajifunza. Mimi nalamba gumba, napitisha mara moja, juu mpaka chini, bila kusimama. Ukilitazama tangi langu ndani ya kona, utaona mistari ya kidole changu humo. Ndiyo sahihi yangu. Na tangi langu, mzee, halijawahi kuvuja."

Pampu ikanyamaza. Haikuzimwa na mtu. Ilinyamaza tu... kama kitu kinachosikiliza.

Mzee akatabasamu.

"Kioo," akasema.

Mama alimsindikiza mpaka getini. Giza lilikuwa limeanza kushika. Ghafla akamkamata mkono, na vidole vyake vilikuwa baridi, vimekunjamana kama vya mtu aliyefua kutwa.

"Fanya la plastiki," alinong'ona. "Mwambie kioo kimeisha. Mwambie chochote. Nakuomba, mwanangu."

"Kwa nini, mama?"

Alitazama nyuma, dirishani.

"Hapa siwezi kusema."

"Unaogopa kazi ya kufuta? Kioo ndiyo rahisi kufuta, mama! Utanishukuru."

Akaenda zake, anapiga mluzi. Nyumbani alimsimulia Mkasi, na Mkasi akacheka sana. Huko kucheka kwao, wawili, mezani... ningeweza ningekuacha hapo.

Keshokutwa yake alileta vioo, milimita kumi na mbili, vimekatwa tayari. Tangi la namna ile haliingii mlangoni likiwa zima. Linaungwa humo humo litakapokaa. Alitandaza sponji, akalaza kioo cha chini, akasimamisha cha nyuma, cha pembeni, cha pili, cha mbele, akavibana kwa tepu. Mzee alikaa kwenye kiti chake. Mama alisimama mlangoni mwa jikoni.

Almasi alipochukua silikoni, mama akaja. Alikuwa na glavu za mpira. "Vaa hizi, mwanangu. Gundi kali hiyo."

"Glavu ni za daktari, mama."

Akarudi jikoni. Akaja na kijiko cha mbao. "Basi tumia hiki."

"Mama, mimi nikikufuata jikoni nikakuambia chumvi uitie kwa koleo, utanielewa?"

Mzee alikohoa. "Mwache fundi afanye anavyojua."

Mama akarudi nyuma. Machozi yalikuwa yanamtoka, na Almasi aliyaona. Alisema moyoni, labda vitunguu.

Akamimina silikoni kona ya kwanza. Akalamba gumba. Akapitisha, juu mpaka chini, bila kusimama.

*Ko.*

Aligeuka. Sauti ilitoka kwenye tangi la zamani, kule kwenye maji ya shubiri moja.

"Pampu yako imelegea, mzee."

Almasi akafanya kona ya pili.

*Ko.*

Ya tatu. *Ko.*

Ya nne aliifanya haraka kuliko zote. Ilikuwa baridi. Silikoni haina baridi, mwulize fundi yeyote. Hii ilimng'ata kidoleni kama barafu, na kwa sekunde moja, moja tu, alihisi kidole chake kinalambwa na kitu kingine.

*Ko. Ko. Ko.*

Alijipangusa kwenye suruali. "Likauke siku saba," alisema, na sauti yake haikuwa na kifua. "Halafu mnipigie, nije nilijaze maji mwenyewe na kulijaribu. Msijaze bila mimi."

"Hatutakusumbua," alisema mzee.

Siku saba hizo gumba lake halikukauka. Alilifuta kwa taulo, akaliweka juani, akalishika karibu na taa. Lilibaki limelowa, limekunjamana, jeupe. Mkasi alimtania kwamba sasa amepata kisingizio cha kutoosha vyombo. Almasi alicheka pia. Alicheka kidogo kuliko kawaida yake.

Siku ya nane, saa nane mchana, jua kali, redio ya jirani inaimba. Mkasi yuko kwenye cherehani, Almasi amejilaza kwenye kochi. Mchana mweupe, nakwambia, usinitafutie giza hapa.

Akahisi kitu kizito kimemkalia tumboni.

Alidhani chakula. Akageuka ubavu. Ule uzito haukugeuka naye. Ulikuwa unapanda... taratibu... kwa usawa, kama maji yanavyopanda kwenye ndoo. Ulifika kitovuni. Ukafika mbavuni, ukasukuma mbavu kwa ndani, pande zote nne. Alitaka kuita. Ukafika kifuani. Pumzi ikawa fupi, fupi... Mdomoni mwake kukaja ladha.

Maji yaliyolala.

Ukafika kooni, ukasimama hapo.

Simu ikalia. Aliipokea.

"Fundi," alisema mzee, "tumemaliza kujaza. Halivuji hata tone."

Alifika kule jioni, anatembea kama mzee, anashika kuta. Mama alifungua mlango.

Tangi jipya lilikuwa limejaa mpaka juu; la zamani lilibaki kavu. Lilikuwa zuri kuliko yote aliyowahi kutengeneza. Maji angavu, kioo huwezi kujua kama kipo. Na ndani tupu. Lakini mapovu ya pampu hayakupanda moja kwa moja. Yalifika katikati, yakagawanyika, yakazunguka kitu, yakaungana tena juu yake.

Kitu kikubwa kiasi cha mtu aliyelala.

*Ko.*

Kioo kiligongwa kwa ndani. Almasi alijishika ubavu. Sauti ile aliisikia mbavuni.

Mzee hakuwapo sebuleni. Almasi hakungoja. Alichukua mpira wa maji, akatumbukiza ncha moja, akafyonza, akaelekeza kwenye ndoo. Maji yakaja. Ndoo ikajaa. Akaweka ya pili, ikajaa. Ya tatu, ikajaa. Alitazama tangi.

Halikupungua hata upana wa uzi.

"Hayatoki," alinong'ona mama. "Fundi akiwa hai, hayatoki."

Akatoa wembe. Kama maji hayatoki, basi kona ataikata. Alichomeka ncha ya wembe kwenye silikoni yake mwenyewe, kwenye mistari ya kidole chake, akavuta kidogo. Upana wa ukucha tu.

Alipiga kelele.

Alipandisha shati. Chini ya kwapa palikuwa na mchano mwembamba, upana wa ukucha.

Haukutoa damu. Ulitoa maji.

Mama alimkalisha chini, akaubana mchano kwa kitambaa chake. Alimfuta uso. Alifanya hivyo kwa mazoea, kama mtu aliyekwisha kufanya siku nyingi sana.

"La zamani nani alilitengeneza?" Almasi aliuliza.

"Mume wangu."

"Mume wako si huyu mzee?"

"Huyu? Huyu simjui hata alizaliwa wapi. Mume wangu alikuwa fundi kama wewe. Mwenye majigambo kama wewe. Alilainisha kwa kidole kama wewe." Alikuwa anatazama sakafu. "Mzee alikuwa analifuta tangi mwenyewe. Mikono yake unaiona. Akiligonga, mume wangu anaanguka. Basi nikasema nitakwenda mimi, nilifute vizuri, mara moja tu, apumzike. Nikaja na kitambaa hiki."

"Halafu?"

"Miaka kumi na moja."

"Mlango si ule pale? Ulishindwa kutoka?"

"Kitu kile kikishakuzoea, ukisogea mlangoni kinagonga. Kinagonga mpaka mtu wako anatema maji. Unarudi. Kesho unajaribu tena, unarudi. Mume wangu alikufa kule nyumbani, mimi niko huku nashika kioo. Siku ile ile tangi likaanza kuvuja. Ningeweza kuondoka. Nilibaki nimwambie fundi atakayekuja."

Maneno ya getini yalimrudia yote, pamoja na mluzi wake.

"Plastiki ingesaidia?"

"Sijui. Lisingekuwa na mkono wa mtu. Niliwaza, labda kingekosa pa kushika." Akainuka. Mlangoni palikuwa na mkoba wake, umefungwa. "Nisikilize, na safari hii usicheke. Una mke?"

"Ninaye."

"Usimwambie. Kama anakupenda, usimwambie kabisa. Na akijua, basi jambo la kwanza umwambie ni hili: asikanyage humu."

Akafungua mlango akaenda. Hakugeuka. Hakuna kilichogonga.

Mzee alitokea jikoni, anaburuza ndala, kitambaa kipya begani.

"Usinichukie, kijana," alisema. "Sikukileta mimi. Nilikikuta kwenye nyumba hii, kwenye beseni la bafuni, nikiwa na umri kama wako. Ni kitu gani, sijui. Kinataka kioo, na kinataka mkono wa mtu kwenye kioo. Kikikosa..." Alivua miwani, akaifuta kwa sweta, na Almasi akaona kwamba naye alikuwa analia. "Nitajitahidi nisiligonge. Naapa nitajitahidi."

Alijitahidi. Lakini macho mabovu, mikono mibovu. Asubuhi ya kwanza pete yake iligusa kioo, na Almasi alianguka bafuni. Ya pili alilifuta kwa nguvu, na kifua chote kikawaka kama kimesuguliwa kwa msasa. Kila saa nane mchana mzee alikimiminia kile kitu maji mapya, kikombe kimoja tu, na kikombe kile kilimkaa Almasi kooni mpaka jua linazama.

Kwa Mkasi alisema ni mafua. Akasema ni vumbi la vioo. Yule mtu aliyekuwa hawezi kunyamaza hata akiwa amelala, sasa alikuwa anameza maneno kama vidonge. Alishika mdomo siku tatu. Kwa Almasi siku tatu ni maisha mazima.

Siku ya nne Mkasi alizima cherehani. Akavuta kigoda mpaka kitandani, akakaa.

"Sasa sema."

"Mafua..."

"Mafua gani yanayolowesha shuka? Nimefua mara tano. Shuka zinanuka bwawa. We mwanaume, mimi nimekupenda na majigambo yako yote, kimya chako ndicho sikuolewa nacho. Sema."

Alimtazama. Alikuwa amevaa uzi shingoni, kama kawaida yake, na pini mbili zimechomekwa kifuani mwa gauni. Macho yake yalikuwa mekundu. Almasi aliona kwamba amekwisha kujua nusu, na kwamba nusu nyingine ataitafuta mwenyewe asipoambiwa.

Hapo angeanza na lile onyo la mama. *Asikanyage humu.* Maneno mawili, pumzi moja, basi.

Lakini Almasi hakuwahi kuanza hadithi mwishoni tangu azaliwe. Alianza mwanzo. Alianza na simu ya mzee. Akaenda kwenye sampuli, kwenye *ting* na *do*. Akamwambia glavu alizozikataa, kijiko alichokicheka. Alipumzika kila baada ya maneno machache, akakohoa, akaendelea. Alisimulia wembe. Alisimulia mume wa yule mama, na pete ya mzee. Mkasi hakumkatisha hata mara moja. Hilo peke yake lingemtisha, kama angekuwa na nafasi ya kutishika.

"Kwa hiyo sasa hivi," Mkasi alisema, "anayelifuta ni yule mzee kipofu?"

"Ndiyo. Na yule mama... aliniambia... jambo la kwanza nikuambie..."

Saa ya jirani ililia. Saa nane.

Kule, mwisho wa barabara, mkono unaotetemeka ulimimina kikombe.

Almasi alifungua mdomo. Maji yalikuwa yamefika kooni. Safari hii mzee alizidisha, labda hakuona vizuri, labda kikombe kilimponyoka. Hakuna sauti iliyotoka. Akajaribu tena. Alitikisa kichwa. Alimkamata Mkasi mkono, akatikisa kichwa tena, tena, tena.

"Najua," Mkasi alisema. "Najua, mume wangu. Tulia. Usiongee."

Alimfuta mdomo kwa upindo wa gauni.

"Mikono hii inashona hariri bila kuivuta. Kioo kitanishinda? Nakwenda mara moja tu. Nilifute vizuri, upumzike. Kabla jua halijazama nimerudi."

Almasi alimvuta. Hakuwa na nguvu ya kumvuta hata mtoto. Vidole vyake vyenye maji viliteleza kwenye mkono wake, kimoja... kimoja... gumba likawa la mwisho.

Mkasi alichagua kitambaa kwenye kapu la mabaki, laini kuliko vyote. Alivaa viatu. Mlangoni aligeuka, akajaribu kutania:

"Nikirudi nikukute hujaoga, utaniona."

Mlango ukafungwa. Almasi alisikia nyayo zake uani. Alijitupa kutoka kitandani, akaanguka sakafuni, akatambaa hatua mbili. Hapo pumzi ikaisha. Alilala na shavu kwenye saruji, anahesabu kichwani. Sasa amefika kona. Sasa amefika kwenye ule ua uliofagiliwa. Sasa anabonyeza kengele.

Redio ya jirani iliendelea kuimba.

Kisha, kifuani, akahisi kitambaa.

Laini. Kinazunguka taratibu, kutoka bega mpaka bega, kinashuka mbavuni, kinapita juu ya mchano bila kuuumiza. Hakikugonga. Hakikusugua. Kooni maji yakatulia, yakapungua kidogo, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile alivuta pumzi mpaka chini. Alijisikia vizuri. Alijisikia vizuri mpaka akalia kwa aibu, maana sasa sauti ilikuwa imerudi, na hapakuwa na mtu wa kumwambia.

"Toka humo," alisema sakafuni. "Mke wangu, toka humo."

Kitambaa kiliendelea kuzunguka.

Na ndani, upande wa pili wa mbavu zake, akahisi kitu kinageuka polepole... kinasogea karibu na kioo... kinatulia, kimtazame vizuri anayefuta.